Somo la Kufeli: Mwongozo kwa Mvutaji Mwenye Koti Jeupe

Dokta mtarajiwa, sista mtarajiwa, mfamasia mtarajiwa, sogea karibu. Tangu darasa la kwanza umefundishwa kufaulu. Leo nataka nikufundishe kufeli, na somo lenyewe ni moja tu: kuvuta. Uwe unanunua fegi moja moja kwa Mangi na kuzivutia nyuma ya hosteli, au una vepu ya ladha ya embe kwenye mfuko wa koti jeupe, lengo letu ni hilo hilo. Nataka uwe mvutaji hafifu kuliko wote chuoni, mvutaji wa kudisko kabisa.

Sitakuhubiria habari za mapafu. Picha ya pafu jeusi umeiona, mtihani wa patholojia umeupita. Kama elimu peke yake ingetosha, hakuna daktari duniani angekuwa anavuta. Tangu mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani na washirika wake wamewahoji wanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari, uuguzi, meno na ufamasia katika nchi nyingi. Majibu yanafanana: wengi wanakubali kwamba mhudumu wa afya anapaswa kuwa mfano kwa wagonjwa wake, wengi wanataka wafundishwe namna ya kumsaidia mtu aache, wachache ndio waliofundishwa, na wavutaji miongoni mwao si haba. Maarifa unayo. Unachokosa ni ujanja, na huo ndio nitakaokupa. Tutapita njia za mkato, tutasema uongo mdogo pale unaposaidia, na zaidi ya yote tutatumia kiburi chako. Kila aliyewahi kujitazama kwenye kioo akiwa na koti jeupe anacho, na mimi sioni ubaya wake.

1. Chagua kiburi chako

Saratani iko mbali mno. Ukiwa na miaka 22, jambo la miaka 30 ijayo halikuamshi usingizini, kwa hiyo liache. Tafuta lililo karibu, lile unaloweza kulionea aibu leo jioni.

Kama unapenda kuonekana daktari, anza na vidole. Kumbuka unavyopima kifua: kidole cha kati cha mkono wa kushoto unakilaza juu ya mbavu, unakigonga kwa kidole cha kulia, na uso wa mgonjwa uko shubiri mbili tu kutoka hapo. Ukipapasa tezi za shingoni unasimama nyuma yake, na vidole vyako vinapita chini ya taya, chini kabisa ya pua. Huyo mama ana pumu. Amekuja na daladala akihema njia nzima, na sasa fegi uliyovuta dakika kumi zilizopita inamwingia puani kutoka kwenye mkono ule ule unaomtibu. Sanitaiza haiiondoi harufu hiyo, inaichanganya tu na spiriti. Hatakuambia neno. Atageuza shingo kidogo, atasema "asante dokta", na jioni atawasimulia wa nyumbani kwake. Na wewe wa vepu, usijitoe: harufu ya embe kwenye wodi ya watoto humfanya mtoto mwenye dripu mkononi aulize nani ana pipi.

Kama kiburi chako ni fedha, fanya hivi. Kwa wiki moja, kila fegi unayonunua iandike bei yake kwenye simu. Usipunguze, usijilaumu, andika tu. Mangi anakuuzia moja moja, na sarafu moja moja haiumi. Ndiyo sababu hujawahi kujua unatumia kiasi gani. Mwisho wa wiki zidisha kwa 52, kisha iweke hesabu hiyo kando ya bumu lako. Nakuachia mwenyewe uitazame.

Kama ni mpira au mwili, kumbuka fiziolojia yako: himoglobini huipenda monoksidi ya kaboni zaidi ya mara 200 kuliko inavyoipenda oksijeni. Ndiyo maana kipindi cha pili unashika kiuno. Habari njema ni kwamba gesi hiyo hutoka haraka. Nusu yake huondoka ndani ya saa nne au tano, na ukikaa siku nzima bila moshi unaanza kupanda ngazi za wodi ukiwa mtu mwingine.

Chagua kimoja. Kiburi kimoja kinachouma kinatosha.

2. Jipime kabla ya kupima wengine

Kuna mtihani wa maswali sita ambao una alama 10 na ambao unatakiwa upate sifuri. Unabeba jina la Karl Fagerström wa Sweden, na unaujaza kwa dakika mbili. Unavuta baada ya muda gani ukishaamka? Unapata tabu kujizuia mahali palipokatazwa? Sigara gani ingekuuma zaidi kuiacha? Unavuta ngapi kwa siku? Unavuta zaidi saa za kwanza za asubuhi kuliko baadaye? Unavuta hata ukiwa mgonjwa kitandani?

Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Anayewasha ndani ya dakika 5 anapata alama 3. Kati ya dakika 6 na 30, alama 2. Hadi saa nzima, 1. Zaidi ya hapo, sifuri. Sababu yake unaijua kutoka farmakolojia: nusu ya nikotini huondoka mwilini kila baada ya saa mbili hivi. Ukilala kwa saa saba, unaamka tanki likiwa tupu. Anayekimbilia kibarazani kabla ya kupiga mswaki ameamshwa na arosto.

Mwenye vepu ana hila ya ziada ya kujifanyia, maana kifaa chake hakina majivu wala vipisi vya kuhesabu. Sigara ina mwisho. Vepu haina, inakaa tu mkononi. Kwa hiyo hesabu kitu kingine: ni mara ngapi mkono umeingia mfukoni kabla ya saa nne asubuhi. Kisha soma lebo, wewe ambaye kila siku unasoma lebo za dawa. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita. JUUL ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2015 ilikuwa na miligramu 59. Kinachomwezesha mtu kumeza kiwango hicho bila kukohoa ni asidi: nikotini ikichanganywa na asidi ya benzoiki inakuwa chumvi, ule ukali wa kooni unapungua, na dozi kubwa inapita kwa ulaini. Koo lako lilikuwa mlinzi wa getini. Waliotengeneza walijua namna ya kumpita.

3. Iibie asubuhi

Hapa ndipo udanganyifu wetu wa kwanza ulipo, na ndio ninaoupenda kuliko yote. Fegi ya asubuhi ndiyo tamu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayotuliza arosto kubwa kuliko zote. Nikotini hufika ubongoni ndani ya sekunde 10 hadi 20 tangu uvute pafu la kwanza. Sindano nyingi wodini hazifiki haraka hivyo. Unahisi umetulia. Umetulia kutokana na nini? Kutokana na njaa iliyoletwa na fegi ya jana. Huo ni mkopo wa kausha damu: unakopa asubuhi kulipa deni la usiku, na unamshukuru mkopeshaji.

Ukishalielewa hilo, ile hoja ya "inaniondolea stresi za mitihani" inabaki bila miguu. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2014 ulikusanya tafiti zilizowafuatilia walioacha na walioendelea, na ukaona kwamba walioacha walipungukiwa na wasiwasi, msongo na huzuni. Wiki za mwanzo ni ngumu, sikufichi. Lakini baada ya hapo ni mwenye kuvuta ndiye anayeingia chumba cha mtihani na mzigo wa ziada.

Basi iibie asubuhi. Ukiamka, usisimame pale unaposimama kila siku. Kaoge kwanza. Kunywa chai, kula chapati yako mpaka iishe. Tembea hadi chuoni kwa njia isiyopita kwa Mangi, hata kama ni ndefu. Kiu ya kuvuta ikija haikai. Dakika tatu, dakika tano, inapita uvute usivute. Unachotakiwa kufanya ni kuwa bize kwa dakika tano. Piga simu kwa mama, umwamkie. Hakuna anayemaliza salamu za mama kwa dakika tano.

4. Usipunguze, kata

Najua mpango wako: kutoka fegi kumi ushuke hadi saba, kutoka saba hadi tatu, na mwisho ubaki na ile moja ya baada ya chakula. Ni mpango wa kistaarabu, na mara nyingi unakurudisha kwenye kumi. Uingereza, jaribio lililochapishwa mwaka 2016 liliwagawa wavutaji karibu 700 katika makundi mawili: wengine wakate siku moja, wengine wapunguze kwa wiki mbili kisha wakate. Baada ya wiki nne, asilimia 49 ya waliokata kwa mkupuo walikuwa bado wameacha; kwa waliopunguza, asilimia 39.

Na ile fegi moja ya heshima? Inakudai kuliko unavyodhani. Uchambuzi wa mwaka 2018, nao katika BMJ, ulionyesha kwamba mwanamume anayevuta moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyo nayo anayevuta 20. Moyo hauhesabu moja kwa moja kama Mangi.

Chagua tarehe. Isiwe wiki ya mitihani, isiwe siku ya kwanza ya rotesheni ya upasuaji. Chagua mwanzo wa likizo fupi, au wiki ambayo mwenzako wa chumba asiyevuta yupo. Usiku wa kuamkia siku hiyo toa viberiti, vipisi vya akiba, chaja ya vepu, na kopo la majivu ulilolificha juu ya kabati. Fua koti, lote, na mifuko uigeuze nje. Siku tatu za kwanza ndizo kali. Kuanzia wiki ya pili hadi ya nne unaanza kujisahau.

5. Usibadili jina la mzigo

Vepu ya kisasa ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, mvutaji mzito aliyetaka kuacha. Kwa hiyo ilitoka mikononi mwa mtu wa fani yetu, na nia yake ilikuwa njema. Nitakuwa mkweli kwako maana wewe utasoma tafiti mwenyewe: tathmini za Cochrane zinaonyesha kwamba mvutaji wa sigara akihamia moja kwa moja kwenye vepu yenye nikotini, ana nafasi nzuri zaidi ya kuachana na sigara kuliko anayetumia vibandiko au bigijii za nikotini. Sitakuficha hilo ili nishinde mabishano.

Lakini jiulize wewe uko wapi katika sentensi hiyo. Je, ulikuwa mvutaji wa pakiti moja kwa siku uliyehama mazima? Au hujawahi kuvuta fegi maishani, ukaanza na embe kwenye bethidei ya rafiki? Au, na hawa ndio wengi ninaowafahamu, unavuta vepu hosteli na fegi kijiweni, vyote viwili, ukijisifu kwamba umepunguza? Wa kwanza amepanda daraja. Wa pili amejitafutia uraibu ambao hakuwa nao. Wa tatu analipa kodi ya nyumba mbili.

Usinunue kimiminika kisicho na jina kutoka kwa mtu wa Instagram. Mwaka 2019 Marekani ilikumbwa na wimbi la majeraha ya mapafu kwa watu waliokuwa wakivuta vepu. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, vifo vikiwa 68. Mshukiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E, iliyotumika kuzimulia mafuta ya bangi yaliyouzwa kwa njia za panya. Wengi wao walikuwa vijana wa rika lako.

Kuhusu shisha sina maneno mengi: maji yanapoza moshi, hayausafishi, na kikao kimoja ni karibu saa nzima ya kuvuta. Kuhusu sheria, jua unapokwenda kufanya mafunzo kwa vitendo. Uganda ilipiga marufuku vepu na shisha kwa sheria ya mwaka 2015, na kuvuta sigara ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma huko ni kosa. Kenya na Rwanda zilipiga marufuku shisha mwaka 2017. Tanzania ilikuwa imetangulia mwaka 2016. Hutaki barua ya kwanza kwenye faili lako la intani iwe ya polisi.

6. Kula njama na mfamasia

Kuna watu wanaoona ni ushujaa kuacha kavu kavu. Waache na ushujaa wao. Wewe ni mtu wa tiba, tumia tiba.

Bigijii ya nikotini ina asili nzuri. Mwaka 1967 Ove Fernö, mwanakemia wa kampuni moja ya dawa ya Sweden, alipata barua kutoka kwa mtafiti aliyekuwa akifanya kazi na mabaharia wa nyambizi. Ndani ya nyambizi hakuna kuvuta, na mabaharia walikuwa wakijitafunia tumbaku ili arosto isiwashinde. Kutoka hapo likaja wazo la kuweka nikotini kwenye kitu cha kutafuna. Zamu ya saa 12 wodini inakaribiana sana na nyambizi, kwa hiyo kilichotengenezwa kwa ajili yao kinakufaa.

Ila wengi wanaitafuna vibaya, halafu wanasema haifanyi kazi. Usiitafune kama bigijii ya dukani. Itafune taratibu mpaka uhisi ukali wa pilipili, kisha ipachike kati ya fizi na shavu, iache hapo. Ukali ukiisha, tafuna tena kidogo, pachika upande wa pili. Nusu saa. Nikotini inaingia kupitia ngozi ya shavu; ukimeza mate yote unapata kwikwi na kiungulia tu. Usinywe kahawa, soda wala juisi robo saa kabla yake wala ukiwa nayo mdomoni, kwa sababu asidi huzuia nikotini kupenya. Kama unavuta ndani ya nusu saa tangu uamke, chukua ya miligramu 4. Kama baada ya hapo, miligramu 2. Ukiweza kupata kibandiko, kibandike asubuhi kikushikilie mchana kutwa, na bigijii iwe ya kuzima kiu za ghafla. Viwili kwa pamoja vinasaidia kuliko kimoja.

Dawa za kurejesha nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Vareniklini na bupropioni ziliongezwa mwaka 2021. Kama duka la dawa la hospitali yako halina, uliza kwa nini, uulize kwa maandishi, na uwaombe wanafunzi wa ufamasia wasaini nawe. Hospitali inayotibu kiharusi, saratani na pumu haina sababu ya kukosa bigijii.

7. Iba mapumziko, acha sigara

Sasa tufike penyewe. Kila hospitali ya kufundishia ina kijiwe chake: nyuma ya jenereta, kando ya mochwari, au kwenye ngazi za dharura ambazo mlango wake umewekewa tofali usijifunge. Saa nane usiku utawakuta pale intani, mlinzi, mtu wa maabara, na mara nyingine bingwa mwenyewe, koti likiwa limetundikwa kwenye bomba. Huko ndiko unakosikia maswali yanayopendwa kwenye mtihani wa mdomo. Huko ndiko mkubwa anakuita kwa jina lako badala ya kukuita "wewe wa mwaka wa nne". Na kijiwe ndicho mahali pekee hospitalini ambapo mtu anapata dakika tano bila kuomba ruhusa, kwa sababu anayesema "naenda kuvuta" haulizwi, ila anayesema "nimechoka, naomba nikae" anatazamwa.

Naamini wanafunzi wengi wa afya walianzia hapa. Walihitaji kupumzika, na sigara ilikuwa ndiyo tiketi. Basi chukua mapumziko bila tiketi. Ukisikia mwili umeshindwa, sema "natoka dakika tano", utoke. Usieleze. Nenda upande wenye hewa, nyoosha mgongo, kula karanga. Wiki mbili za kwanza kiepuke kijiwe kabisa. Ukirudi, rudi na kikombe cha chai mkono mmoja na mfuko wa karanga mkono mwingine, mikono yote miwili ishike kitu. Ukipewa fegi, uongo huu unaruhusiwa: "Nina kifua, kaka." Mlinzi atakupa pole. Ukitaka wa nguvu zaidi, sema mchumba amekataa. Hakuna Mswahili atakayekushawishi uachane na mchumba kwa ajili ya fegi.

Ujanja mmoja ambao hata madaktari wengi wanausahau: punguza kahawa. Moshi wa sigara huchochea kimeng'enya cha ini CYP1A2, ambacho ndicho kinachovunja kafeini. Ukiacha moshi, kimeng'enya kinatulia, na vikombe vile vile vitatu vinakaa damuni muda mrefu zaidi. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, usingizi hauji, na unaapa kwamba ni arosto. Kata kahawa nusu kuanzia siku ya kwanza. Vepu haina kazi hiyo kwenye ini, maana kinachochochea ni mabaki ya kuungua, nikotini haihusiki.

Na yule bingwa mwenye koti kwenye bomba? Mheshimu kwa upasuaji wake. Kwenye hili ana wenzake wa zamani waliomtangulia. Mwaka 1946 kampuni ya R.J. Reynolds ya Marekani ilianza kuwatangazia watu kwamba madaktari wengi huvuta Camel kuliko sigara nyingine yoyote. Ilijua thamani ya koti jeupe. Leo, kila unapovuta na koti mbele ya ndugu za wagonjwa waliolala kwenye mikeka nje, unatoa tangazo lile lile, na hulipwi hata shilingi.

Miaka mitano baada ya tangazo hilo, mwaka 1951, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwaandikia madaktari wote wa Uingereza kuwauliza habari za uvutaji wao. Waliojibu walipita 40,000. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha. Madaktari wanaume waliojibu walifuatiliwa kwa miaka 50, na mwaka 2004 majibu yalikuwa mezani: aliyevuta maisha yake yote alipoteza wastani wa miaka 10. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudisha 3, akiwa na 50 alirudisha 6, akiwa na 40 alirudisha 9, na aliyeacha akiwa na 30 alirudisha karibu yote 10. Ushahidi mzito kuliko wote kuhusu sigara umetoka kwenye miili ya watu wa kazi yako. Usisome hapo kwamba una ruhusa hadi siku ya kutimiza 30. Kila mmoja wao aliyevuta hadi 60 aliwahi kuwa na miaka 29.

8. Ukiteleza

Utateleza. Itakuwa harusini, au usiku ambao umempoteza mgonjwa uliyemzoea na hakuna aliyekuambia pole. Sigara hiyo ni moja, iache ibaki moja. Usisubiri Jumatatu, usisubiri mwezi mpya, usinunue pakiti kwa hoja kwamba tayari umeshaharibu. Andika saa na mahali, nani alikuwepo, ulikuwa umelala saa ngapi. Ukitazama orodha hiyo baada ya mwezi utaona kwamba unateleza mahali pale pale, na hapo pa kuweka mtego unapajua. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla. Na kama kilichokuangusha ni ule msiba wa wodini, mtafute mtu uongee naye kuhusu huo msiba.

9. Mkabidhi mgonjwa ujanja wako

Ukishafeli vizuri, utakuwa na kitu ambacho wenzako wengi hawajafundishwa. Kitumie. Kwenye historia ya mgonjwa tunaandika "anavuta", tunahesabu pakiti kwa miaka, tunapita. Wewe usipite. Vuta kiti, kaa, macho yako yawe usawa mmoja na yake.

"Shikamoo mzee. Asubuhi ukiamka, unakaa muda gani kabla ya ile ya kwanza?"

Atakutazama, maana hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Atasema ni kabla ya kunawa uso. Hapo umeshapata dozi yake na umeshajua arosto yake ilivyo. Kisha atakuuliza, kwa sababu wazee wetu huuliza: "Na wewe dokta, unavuta?"

Mjibu kweli. Mwambie niliacha, asubuhi ndiyo ilikuwa ngumu, na nilikuwa naanza na chai. Muulize tarehe anayoitaka yeye, siyo unayoitaka wewe. Iandike kwenye faili kwa herufi kubwa, mpangie kliniki ndani ya wiki moja baada ya tarehe hiyo, wakati arosto bado inamsumbua, na hakikisha siku hiyo wewe ndiye uko zamu.